Tatu kwa Sita

Muuza magodoro anajua mambo ya watu kuliko jirani wa ukuta mmoja. Mama Nukta alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la magodoro miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo alijifunza kumsoma mtu kwa futi anazotaja. Vijana waliooana juzi huja wameshikana vidole, wanataka nne kwa sita, na ukiwaambia tano kwa sita pia ipo wanatazamana na kucheka chini chini. Baada ya miaka miwili wanarudi wenyewe kuitaka hiyo tano. Mwanamume anayekuja peke yake kununua tatu kwa sita, anageuka kuangalia mlango kila dakika, huyo kafukuzwa nyumbani, huna haja ya kumuuliza. Wazee wawili wanaotaka magodoro mawili ya tatu kwa sita watakwambia ni kwa ajili ya mgongo. Mama Nukta huitikia, "Mgongo ni kitu kibaya sana," anafunga kamba, anawatakia usingizi mwema.

Kwa hiyo siku alipokwenda karakana kwa fundi wa mbao na kumwambia, "Nitengenezee kitanda cha Nukta, tatu kwa sita," yeye alijua amesema neno zito. Alirudi nyumbani akijicheka. Mwanamke mzima, mjane wa miaka minne, amempa mwanamume jibu lake kwa futi.

Maana mwanamume huyo alikuwa ameuliza. Aliuliza wiki moja kabla, akiwa juu ya ngazi pale dukani, anafunga rafu mpya za mito. Watu walimwita Fundi Milimita, na jina hilo halikuwa la kumsifu peke yake. Lilikuwa pia la kumlalamikia, kwa sababu kazi ya siku mbili kwake huchukua nne. Alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaitia mfukoni, kisha akasema bila kuangalia chini:

"Mama Nukta, nataka nikuoe. Mimi, wewe na mtoto. Nimefikiria vizuri. Usinijibu sasa hivi, nitaanguka."

Hakumjibu. Angemjibu nini? Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili. Katika kimoja kulikuwa na kitanda chake cha tano kwa sita, na upande wa marehemu alilala Nukta, mtoto wa miaka sita mwenye mateke ya punda. Katika cha pili, juu ya kitanda cha chuma kilichopigwa rangi mara tatu, alilala Bibi, mama mzazi wa marehemu. Bibi alikuja siku ya msiba na begi moja, akasema atakaa wiki mbili. Miaka minne imepita na hakuna aliyemkumbusha, kwa sababu hakuna aliyetaka aondoke.

Basi Mama Nukta akafikiria, akapima, akapata. Chumba cha Bibi kina futi tisa kwa kumi. Kitanda cha chuma kibaki pale pale dirishani, cha mtoto kiwekwe ukutani. Mtoto akihama, nafasi inapatikana. Hakuona haja ya kulifafanua hilo kwa mtu yeyote. Alimwambia Bibi tu wakichambua mchele, "Mama, namtengenezea Nukta kitanda, awe analala chumba hiki."

"Cha ngapi?" Bibi akauliza.

"Tatu kwa sita."

Bibi alitoa jiwe moja, akalitazama. "Sawa, mwanangu," akasema, akaendelea kutoa mawe.

Kitanda chenyewe alikichagua Nukta. Alikiona kwenye kitabu cha picha cha shule, kitanda cha nyumba ya shambani: mbao tupu zisizo na rangi, miguu minene ya mraba, kichwani mbao pana zimesimamishwa bega kwa bega na juu yake boriti moja nene ya kuegemea. Fundi alikitazama kile kitabu muda mrefu, akakirudisha, akasema kazi hii ni ya mtu asiyependa urembo, na yeye ni mmoja wao. Jumamosi mbili mfululizo Mama Nukta alikwenda karakana baada ya duka kufungwa, akafunga kitambaa kichwani, akapiga msasa mbao za kichwa kwa mkono wake. Zilikuwa tano. Alizijua moja moja kama vidole vyake.

Hizo Jumamosi mbili hazikuwa na maneno mengi. Fundi alisukuma randa kule, yeye alisugua huku, na vumbi la mbao likawashukia wote wawili. Mara moja Fundi alikuja kupapasa ubao aliokuwa akiusugua Mama Nukta, mkono ukapita juu ya mkono wake, na wote wawili wakajifanya wanaangalia ubao. Mara nyingine alimwondolea chembe ya mbao shavuni, kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu ule ule anaoutumia kwenye kazi. Mama Nukta alisubiri aseme kitu. Aseme, "Nimelisikia jibu lako." Hakusema. Akajiambia huyu ndivyo alivyo, atasema kitanda kikishasimama.

Na sasa ilikuwa Jumamosi ya tatu, kitanda kinasimama.

Alitoka dukani saa saba mchana na godoro la tatu kwa sita kichwani, jipya, bado limevaa nailoni. Alikuwa amelichagua mwenyewe, la unene wa inchi sita. Akapita nalo barabarani akiyumba na upepo, watu wakimpisha na kumtania, naye akiwajibu. Alipofika mlangoni alisikia drili ikilia ndani. Mkokoteni wa Fundi ulikuwa nje, mtupu. Vipande vyote vilikuwa vimeshaingizwa, kwa sababu korido ya nyumba ile ni nyembamba na kitanda kizima kisingepita.

Ndani ya chumba kidogo, Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kama askari wa zamu.

"Umekuja," Bibi akasema. "Tangu asubuhi namwangalia mtu anapima kitu kile kile mara sita. Angekuwa mpishi tungekufa njaa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita uone."

Mama Nukta akaingia na godoro lake. Kitanda kilikuwa kimesimama, kichwa na miguu vimeungana, mbao za chaga zimeshapangwa, na Fundi amepiga magoti anakaza skrubu ya mwisho. Kilikuwa kizuri. Kilinukia mbao mbichi na nta, chumba kizima kilinukia hivyo. Akaichana ile nailoni, akalitupa godoro juu ya chaga, akalisukuma hadi ukutani.

Likabaki pengo. Pengo la wazi, kuanzia kichwani hadi miguuni, unaona chaga zote kumi na mbili.

Akalisogeza upande wa pili. Pengo likahamia ukutani.

Akainua macho, akahesabu mbao za kichwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita. Saba.

"Fundi," akasema taratibu, "hiki kitanda ni cha ngapi?"

Fundi hakuinua kichwa. "Nne kwa sita."

"Mimi nilisema ngapi?"

"Ulisema tatu."

"Sasa?"

"Nilikosea."

Mama Nukta alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Wewe? Wewe umekosea futi nzima? Si wewe uliyekataa kumkabidhi mwalimu meza yake kwa sababu mguu mmoja umepungua unene wa kucha?"

"Ulipungua kweli."

"Fundi!"

Bibi akajikohoza. Aliwatazama wote wawili, akakitazama kitanda, akakitazama muda mrefu zaidi ya alivyowatazama wao. Kisha akainuka, mikono magotini. "Ngoja nikaweke chai," akasema. "Nukta yuko uani, msimpigie kelele akasikia." Akaondoka na kigoda chake.

Mama Nukta akasubiri hatua za Bibi ziishie jikoni. Aliposema tena, alisema kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo ni mbaya kuliko kelele.

"Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu."

"Uliniuliza jambo, nikakujibu. Ulitaka nikujibuje? Nipande juu ya paa nitangaze?"

Fundi akaweka drili chini. "Ulinijibu lini?"

"Tatu kwa sita!"

"Ile ilikuwa oda."

"Ilikuwa jibu!"

Wakatazamana. Fundi alikuwa mtu wa uso mpana, mtulivu, uso usiojua kujificha, na sasa ulikuwa umekunjamana kama mtu anayesomewa barua ya lugha asiyoijua.

"Hesabu mwenyewe," Mama Nukta akasema. "Si wewe mtu wa hesabu? Mtoto analala na mimi. Mtoto akipata tatu kwa sita yake, kwenye tano kwa sita yangu anabaki nani?"

"Wewe."

"Na pembeni yangu?"

Fundi akahesabu. Ukaona kabisa anahesabu. Jibu lilipomfikia, alikaa chini pale pale sakafuni, juu ya vumbi la mbao, akashika bisibisi kwa mikono miwili.

"Ile ilikuwa ndiyo?" akauliza.

"Ilikuwa ndiyo."

"Wiki tatu nzima?"

"Wiki tatu nzima nimekaa nakusubiri, nasugua mbao zako kama mjinga! Na leo unaniletea nne. Mimi kazi yangu ni hii, Fundi, usinifundishe. Nne kwa sita kwenye chumba cha mtoto ni ya mama na mtoto wake. Mtoto halali peke yake kwenye futi nne. Umenirudisha nikalale na mwanangu. Kama umebadili nia ungesema kwa mdomo, ningekuelewa. Mimi si mtoto, nisingekufa."

Lakini macho yalikuwa yameshamjaa, na alijichukia kwa hilo. Miaka minne alikuwa amejifunga kibwebwe, hakumlilia mtu, na leo analizwa na mbao mbili za nyongeza. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda kwa ule upole wake, kwa ile penseli ya nyuma ya sikio anayoitafuta kutwa, kwa namna alivyoongea na Nukta kama anaongea na mteja mkubwa. Asingempenda asingeumia.

"Sijabadili nia," Fundi akasema.

"Basi nne ya nini?"

Fundi akaangalia mlango, upande wa jikoni. "Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilimwahidi mtu."

"Mtu gani?"

Fundi akaigeuza bisibisi mkononi.

"Mtu gani, Fundi? Kuna mtu wa kumwahidi mambo ya kitanda cha mwanangu, mimi simjui?"

"Nilitoa neno langu, Mama Nukta. Nikilivunja lile, hata hili ninalokupa wewe litakuwa na thamani gani?"

Kwa siku nyingine maneno hayo yangempendeza. Siku hiyo aliyaona ya mtu anayekwepa. Akalivuta lile godoro lake kutoka kitandani, likaanguka sakafuni kwa kishindo laini.

"Fungua," akasema.

"Nini?"

"Kitanda. Fungua skrubu zako zote, pakia kwenye mkokoteni wako, nenda nacho. Nitanunua cha dukani, chenye maua."

Fundi akainama, akaiweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, akaanza kuizungusha kinyume. Hilo ndilo lililomuuma Mama Nukta kuliko yote: kwamba anatii. Skrubu ya kwanza ikatoka. Fundi akaitia mfukoni. Akaanza ya pili, polepole, kwa uangalifu, asije akaumiza ubao.

"Bwana fundi, weka hiyo bisibisi chini."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na chai wala birika. Nukta alikuwa nyuma yake, amemshika gauni.

"Mwache aende, mama," Mama Nukta akasema, akijifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Aende wapi na kitanda changu?"

Fundi peke yake ndiye aliyeonekana ameelewa, na alitazama sakafu.

"Kitanda chako?" Mama Nukta akauliza.

Bibi akaingia, akaketi juu ya chaga tupu, akajisogeza mpaka akakaa vizuri. "Siku alipokuja kupima hiki chumba, wewe ulikuwa kazini," akasema. "Akaniuliza, kitanda chako cha chuma kitabaki dirishani au tukisogeze? Nikamwambia asihangaike nacho. Mwisho wa mwezi naenda kwa wifi yako. Nikamwambia na ole wake afungue mdomo, maana wewe utaanza kulia, na mimi kilio cha asubuhi mpaka jioni sikiwezi."

"Unaenda kwa wifi? Kufanya nini?"

"Kuzeeka."

"Mama! Nani amekufukuza?"

"Tatu kwa sita," Bibi akasema. "Ulikuja kuniambia unaweka kitanda chumbani kwangu. Nikakuuliza cha ngapi. Ukasema cha mtu mmoja, na huyo mmoja anajulikana. Mimi si wa kuambiwa mara mbili, mkwe wangu. Nikasema sawa."

"Lakini nilipanga chako kibaki! Chako dirishani, cha Nukta ukutani, nilipima kabisa, mama, vinaenea vyote viwili!"

"Ulipanga. Ulimwambia nani?"

Mama Nukta akaketi juu ya godoro lake pale sakafuni. Alikuwa amezisoma nyumba za watu miaka kumi na mmoja, na ya kwake mwenyewe hakuisoma.

"Na nilijua mtoto anahamishwa kwa nini," Bibi akaendelea. "Nilijua mapema. Nadhani katika nyumba hii aliyechelewa kujua ni mwenyewe mwoaji."

"Ni kweli," Fundi akasema.

"Nyamaza wewe." Akamgeukia Mama Nukta. "Sikukukatalia, mwanangu. Miaka minne umekaa vizuri, umenitunza mimi kuliko mwanangu wa kumzaa aliyebaki. Una haki ya kuwa na mtu. Lakini mimi nikae hapa nikiwa nani? Mama wa mume asiyekuwepo, ndani ya nyumba ya mume aliyepo. Huyu ataniitaje? Mama mkwe? Sikukuzaa. Wageni wakiuliza huyu ni nani, mtasema nini? Nimetafuta neno la kuniita, sikulipata. Nikaona bora nikapishe."

Nje mtu alipita akiburuza ndoo. Mama Nukta alitaka kusema mengi, lakini aliyetangulia kusema alikuwa yule ambaye kusema si kazi yake.

"Mimi pia maneno sina," Fundi akasema. Bado alikuwa amekaa sakafuni, bisibisi mkononi. "Wiki nzima nilifikiria nimwambie nini huyu mama asiondoke. Nimekunywa chai yake, nimemwona anavyomfunga mtoto viatu. Kumwambia Mama Nukta siwezi, nimeahidi. Kumwambia yeye mwenyewe, ataniuliza mimi ni nani. Na hicho cha chuma nilikiona, kimebonyea katikati, kinamvunja mgongo. Sikupata la kusema. Nikaongeza futi moja."

Mama Nukta akageuka kumtazama. Alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza, naye Fundi akazidi kuinama.

"Nukta mwenyewe aliniambia anaogopa kulala peke yake," Fundi akaongeza, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu.

"Siogopi," Nukta akasema. Kisha akafikiri. "Bibi, mimi nilale ukutani au wewe?"

Bibi alikuwa amegeuka, anapapasa mbao za kichwa kwa kiganja, moja baada ya nyingine, mpaka ya saba. "Hizi mbili hazikupigwa msasa vizuri," akasema, na sauti yake haikuwa imara.

"Hizo nilipiga mimi," Fundi akasema. "Usiku wa kuamkia leo. Nilikuwa na haraka."

"Zinaonekana." Bibi akavuta pumzi. "Wewe Nukta utalala ukutani. Mateke yako yakaupige ukuta."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Hakuna aliyempongeza mwenzake. Mama Nukta alienda akapiga magoti mbele ya Bibi, akalaza kichwa mapajani mwake, na Bibi akampigapiga mgongoni kama anayetoa vumbi, akisema, "Basi, basi, ndicho kilio nilichokuwa nakikwepa." Fundi akaitoa ile skrubu mfukoni, akairudisha mahali pake.

"Godoro hili nitalirudisha dukani Jumatatu," Mama Nukta akasema alipoinuka. "Nitawachukulia nne kwa sita. Nene kuliko hili."

"Usichukue," Bibi akasema. "Nataka la mwanangu."

Mama Nukta akamgeukia.

"Lile la kitandani kwako," Bibi akasema. Sasa hakuwa anatania. "Siku za mwanzo, ukienda kazini, nilikuwa naingia kutandika. Nilikuwa nakaa upande wake. Lina bonde pale alipolalia. Mtoto ni mwepesi, miaka yote hii hajalifuta. Wewe unalijua hilo bonde."

"Nalijua, mama."

"Unauza magodoro na hukulibadilisha."

"Sikuweza."

"Basi. Lina futi tano. Kata moja, upande wako, nipe mimi hizo nne zenye bonde. Nitalala na mwanawe mahali pake. Na wewe, nakuomba kitu kimoja tu, ukatae ukubali: usimlaze mume mpya kwenye bonde la mwanangu. Hilo siliwezi. Mengine yote fanya, nitashika mpaka mtoto wako mchanga ukizaa."

Mama Nukta alimtazama Fundi. Fundi aliinua mabega kidogo, kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa avue viatu mlangoni.

Wakalileta wote wawili, wameshika ncha huku na huku, likapita korido kwa shida. Wakalilaza sakafuni. Kukata sponji kulikuwa kazi ya Mama Nukta ya kila wiki. Wateja wa makochi na mabenchi huja na vipimo vyao, naye anakata bila kufikiri. Akafungua zipu ya foronya, akalivua godoro. Bonde lilionekana waziwazi, refu, la mtu aliyekuwa akilala kwa ubavu. Nukta alichuchumaa akalitazama, akatia mkono ndani yake, akautoa.

Upande wa pili, kwenye ukingo, ndipo alipokuwa akilala Mama Nukta. Ukingoni kabisa, miaka minne, akiwaachia wengine nafasi.

Fundi akashika ncha ya utepe wa kupimia. Mama Nukta akavuta mpaka futi moja kamili, akaomba penseli. Fundi akaitafuta mifukoni. Mama Nukta akaichukua mwenyewe nyuma ya sikio lake, akapiga mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akashika kisu kirefu cha meno, na mkono ukakataa kwenda.

Hakuna aliyemharakisha.

"Kata, mwanangu," Bibi akasema hatimaye. "Mimi ndiye mama yake, nami nasema kata."

Akakata. Alikata taratibu, mkono umenyooka, kisu kikilia ndani ya sponji, na Fundi akamfuata kwa magoti, akishika mstari usicheze. Kipande cha mwisho kilipoachana, walilibeba lile godoro wakaliweka juu ya chaga. Likaenea. Hakukubaki hata chembe ya pengo, huku wala huku.

Nukta akaruka ukutani. Bibi akavua kandambili, akajilaza pembeni yake bila shuka, kwa ubavu, pale penye bonde. Alifumba macho. Walimsikia akishusha pumzi ndefu, na baada ya hapo hakusema kitu, wala Nukta hakurusha teke.

Mama Nukta alirudi nyuma mpaka mlangoni, na kile kipande cha sponji mikononi. Kilikuwa chembamba na kirefu kumpita, kinajikunja upande huu na ule, na hakujua akiweke wapi.

"Hicho nipe mimi," Fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Cha nini? Ni futi moja tu."

Fundi akakitwaa mikononi mwake, akakikunja polepole, akakiweka kwapani.

"Kwa kuanzia," akasema, "inanitosha."